Nyuki wako Dodoma, jina la Tabora limebaki nyumbani

SAFARI ya shabiki wa Tabora kwenda kuitazama timu yake Dodoma inaanza alfajiri, giza bado nene. Basi linakata Nyahua, Chaya na Itigi, linapumzika Manyoni, kisha linashuka kwenye bonde kuelekea Bahi.

Huku ndiko misafara ya pembe za ndovu ilikopita kwenda pwani. Wapagazi wa Kinyamwezi waliiogopa Mgunda Mkali kwa kiu, na wakifika Ugogo walilipa hongo kwa watemi ndipo wapishwe. Siku hizi hongo ni nauli, kiingilio na utani wa Wagogo, ambao hauna risiti.

Basi linamshusha stendi ya Nzuguni, mbali na katikati ya mji. Hapo ndipo mgeni anapogundua kwamba Dodoma ni mji wa ramani. Uliteuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na ramani yake ikachorwa na kampuni ya Canada mwaka 1976. Barabara pana, kiplefti kila baada ya muda, wizara ziko Mtumba, UDOM iko kivyake huko vilimani. Kwa miguu utakoma! Nafuu ni kwamba Uwanja wa Jamhuri uko mjini kati.

Tabora haikuanza kwa rula. Ilikua njia panda, msafara mmoja ukielekea Ujiji, mwingine Karagwe na Buganda.

Inapouma ni pale Jamhuri. Wenyeji wanaitwa Dodoma Jiji, timu ya halmashauri, na hadhi ya jiji waliipata mwaka 2018 tu. Nyuki je? Tangu 2025 wanaitwa TRA United. Novemba 7, 2024, walipoichapa Yanga 3-1 pale Chamazi, ubao ulisoma Tabora United, na mji mzima ukavimba kichwa.

Ni kweli, mwenye fedha ndiye anayechagua jina, na mshahara unaolipwa kwa wakati una maana kuliko herufi za kifuani. Waliowahi kuzishangilia Milambo na Rhino Rangers wanajua njaa inavyoua timu. Lakini shabiki aliyesafiri kutwa nzima amevaa jezi ya zamani, na akipiga kelele jukwaani haiti TRA.

Anaita Tabora.

Filimbi ya mwisho ikilia, wa Dar wana treni ya umeme tangu Julai 2024. Yeye anarudi Nzuguni kutafuta basi.