Kidonda kisichoonekana

Askari akirudi kutoka vitani na mguu mmoja, watu humpisha njia na kumpa kiti. Hakuna amwulizaye kwa nini hakimbii. Lakini askari mwingine hurudi na viungo vyake vyote, naye hawezi kulala. Mlango ukijifunga kwa kishindo hujitupa chini. Hugombana na mkubwa wake, hunywa pombe mno, na mwishowe hutoroka kambini. Huyu hapewi kiti. Huitwa mkaidi, mlevi, mtoro. Hupewa karatasi yenye maneno mabaya, akaambiwa aende zake. Je, karatasi ile yasema kweli? Na ikiwa haikusema kweli yote, yaweza kuandikwa upya?

Ndugu wasomaji, twataka kulieleza jambo hili kwa kuitazama nchi ya Marekani, kwa kuwa huko zipo sheria wazi za kuchunguza upya habari za askari aliyefukuzwa. Lakini kwanza yatupasa kurudi nyuma, kwenda Ulaya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, tuone hasara ya kumhukumu mgonjwa kana kwamba ni mkosaji tu.

Habari ya Harry Farr

Katika vita ile madaktari wa jeshi la Uingereza waliletewa askari wengi wasio na jeraha lolote mwilini. Wengine walitetemeka mchana na usiku, wengine walikuwa bubu, wengine hawakuona ingawa macho yao yalikuwa mazima. Ugonjwa huo uliitwa mshtuko wa mabomu. Harry Farr, askari wa kikosi cha West Yorkshire, alilazwa hospitalini miezi 5 katika mwaka 1915 kwa ugonjwa huo, kisha akarudishwa penye mapigano. Mwezi wa Septemba 1916 alisema kwamba hawezi tena, akakataa kwenda mbele. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu kuwa mwoga, wala hapakuwa na mtu wa kumtetea. Alipigwa risasi mwezi wa Oktoba 1916, akiwa na umri wa miaka 25.

Mkewe aliachwa na mtoto mdogo wa kike, pasipo pensheni ya mjane, na aibu juu yake. Mtoto yule alikua, akazeeka, akaidai heshima ya baba yake hata bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya mwaka 2006, ambayo kwayo askari 306 waliouawa namna hiyo walipewa msamaha. Binti alikuwa amekwisha kupita miaka 90. Aliyekufa hakurudishiwa uhai, ila jina lake lilisafishwa. Lakini askari aliyefukuzwa yu hai bado, na karatasi yake ikirekebishwa leo, leo hii aweza kupata dawa na kazi. Hapo ndipo penye haja ya kuharakisha.

Karatasi inayomfuata mtu

Kila askari wa Marekani aachapo jeshi hupewa hati ijulikanayo kwa namba yake, DD 214. Ndani yake huandikwa aliachaje kazi. Daraja la kwanza ni kuachishwa kwa heshima. La pili ni la kawaida, yaani heshima yenye upungufu kidogo. La tatu ni kuachishwa katika hali isiyo ya heshima. Zipo nyingine mbili zilizo mbaya zaidi, nazo hutolewa na mahakama ya kijeshi tu.

Tuliangalie sana daraja lile la tatu. Halihitaji hukumu ya mahakama. Wakubwa wa jeshi waweza kulitoa kwa njia ya ofisi, na mara nyingi askari mwenyewe hutia sahihi upesi, akitaka tu kwenda nyumbani au akiogopa kushtakiwa. Hapo akili yake imechoka, wala hafikirii mambo ya miaka 20 ijayo.

Lakini miaka ile huja. Fedha za masomo ambazo serikali huwapa askari wa zamani zamtaka mtu awe ameachishwa kwa heshima, huyu hazipati. Akiomba malipo ya ulemavu, idara ya askari wa zamani yapaswa kwanza kuchunguza kama anastahili. Akitafuta kazi, bwana wa kazi huomba kuiona hati, akiisha kuisoma humrudishia bila neno. Tena angalieni jambo la kusikitisha: mtu amepata ugonjwa katika kazi ya jeshi, ugonjwa umemfanya akosee, kosa limemfukuzisha, na kufukuzwa kumemfungia mlango wa matibabu ya ugonjwa ule ule. Ni kweli kwamba miaka hii mlango umefunguliwa kidogo. Tangu mwaka 2017 serikali ilianza kuwapokea baadhi ya watu hawa kwa matibabu ya akili, na mwaka 2024 idara ile ilipanua kanuni zake ili hali ya akili ya mtu itazamwe. Hata hivyo maneno ya hati yabaki yalivyo mpaka yabadilishwe na wenye mamlaka.

Ugonjwa uliokosa jina

Kwa nini hawakuuona ugonjwa tangu mwanzo? Sababu moja ni kwamba haukuwa na jina katika vitabu. Vikosi vya Marekani viliondoka Vietnam mwaka 1973. Miaka 7 ikapita, na katika mwaka 1980 ndipo chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilipoandika katika kitabu chao kikuu ugonjwa wa akili utokanao na tukio la kutisha. Basi, askari aliyefukuzwa mwaka 1970 hakuweza kumwambia mkubwa wake, «Mimi ni mgonjwa», kwa maana hata daktari hakuwa na neno hilo. Katika majalada yake lilibaki kosa tu.

Mgonjwa wa namna hii huyaona tena mambo yaliyopita kama kwamba yanatendeka sasa. Huota ndoto mbaya. Hukaa macho kama mlinzi hata akiwa chumbani mwake. Hukwepa mahali, watu na maneno yanayomkumbusha. Moyo wake hufa ganzi hata asifurahi pamoja na wanawe. Wengi hutafuta usingizi katika pombe. Tena wako waliotikiswa ubongo na mlipuko: hawana kovu, lakini kichwa chawauma, husahau amri waliyopewa asubuhi, hukasirika ghafula. Wako pia wanajeshi, wanawake kwa wanaume, waliotendewa ukatili wa aibu na wenzao wenyewe, wakanyamaza kwa hofu.

Sababu ya pili ni kwamba hata ugonjwa ulipopata jina, haukuangaliwa siku zote. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi inayolitumikia bunge la Marekani ilitangaza hesabu hii: katika miaka ya 2011 hadi 2015 askari 91,764 waliachishwa kwa sababu ya mwenendo mbaya. Kati yao 57,141, yaani 62 katika kila 100, walikuwa wamepimwa na madaktari katika miaka 2 ya mwisho, wakaonekana wana ugonjwa ule, au ubongo uliotikiswa, au hali nyingine zinazoweza kuugeuza mwenendo wa mtu. Na katika hao wagonjwa, 13,283 waliachishwa katika hali isiyo ya heshima. Hatusemi kwamba wote walionewa. Lakini hesabu hiyo yatosha kutuonyesha kwamba kuuliza tena si kazi bure.

Mabaraza mawili

Mwenye kuomba ana njia mbili. Ya kwanza ni baraza la kuangalia upya hati za kuachishwa, lililowekwa na sheria ya mwaka 1944 wakati Vita Kuu ya Pili ilipokuwa karibu kwisha. Wajumbe wake hawapungui 3, na ombi lapaswa kuletwa katika miaka 15 tangu kuachishwa. Ya pili ni baraza la kusahihisha majalada ya jeshi, ambalo mwanzo wake ni sheria ya mwaka 1946. Wajumbe wake ni raia, nalo laweza kurekebisha hata yale ambayo baraza la kwanza haliwezi. Muda wake ni miaka 3 tangu mtu alipogundua kosa, lakini laweza kuusamehe muda huo haki ikidai hivyo.

Kwa miaka mingi mabaraza haya yaliwakatalia karibu wote walioomba kwa ajili ya ugonjwa wa akili. Mwaka 2014 askari kadhaa wa zamani wa Vietnam walikwenda mahakamani kulalamika. Tarehe 3 Septemba mwaka ule ule waziri wa ulinzi, Chuck Hagel, aliyekuwa yeye mwenyewe askari wa Vietnam, aliyaagiza mabaraza kuyapima maombi hayo kwa moyo mpana. Mwaka 2016 bunge lilitia agizo hilo katika sheria. Tarehe 25 Agosti 2017 wizara ya ulinzi ilitoa maelezo marefu zaidi, yanayowahusu pia waliotikiswa ubongo na waliotendewa ukatili wa aibu.

Maswali 4

Maelezo yale yamefungwa katika maswali 4. La kwanza: Je, mtu huyu alikuwa na ugonjwa, au alipatwa na jambo, liwezalo kulipunguza kosa lake? La pili: Je, lilikuwapo wakati wa utumishi wake? La tatu: Je, kweli ndilo lililolizaa kosa, au lililipunguza? La nne: Je, lina uzito kupita kosa lenyewe?

Tutoe mfano. Tuseme kijana fulani ametumika miaka 3 pasipo lawama, akapelekwa vitani, akamwona rafiki yake akifa mikononi mwake. Baada ya kurudi anachelewa kazini, analewa, kisha anatoweka kambini siku 40. Zamani walisoma mstari mmoja tu: ametoweka siku 40. Sasa baraza lapaswa kusoma jalada zima. Mbona miaka 3 alikuwa mwema, kisha akageuka ghafula? Kugeuka huko kwenyewe kwaweza kuwa ushahidi wa ugonjwa. Kukwepa ni dalili mojawapo ya ugonjwa huo, na kutoroka ni namna ya kukwepa. Hivyo swali la tatu lina jibu. Lakini kama kijana yuyu huyu angekuwa amepanga kwa miezi mingi kuiba mali ya jeshi na kuiuza, jibu lingekuwa gumu zaidi, maana kosa lililopangwa kwa utulivu kwa kawaida halisamehewi kwa njia hii.

Je, si kuwaonea waliovumilia?

Wengine watasema: «Mbona wako askari walioona mambo yale yale, wakavumilia, wakatii hata mwisho? Tukimpa huyu heshima, si kuwadharau wale?» Neno hilo lina uzito, wala halifai kudharauliwa. Jeshi pasipo utii ni kundi la watu wenye silaha tu. Lakini tufikiri vema. Watu wawili wakinyeshewa mvua moja, mmoja apata homa na mwingine hapati. Hatumwambii mwenye homa kwamba amekosa adabu. Tena moyo mpana si kusema ndiyo kwa kila mtu. Swali la nne lipo kwa sababu hiyo: uzito hupimwa pande zote mbili, na wako wanaokataliwa. Wizara yenyewe ilieleza kwamba kuachishwa kwa heshima hakudai utumishi usio na doa lolote. Askari aliyetii hapungukiwi kitu mgonjwa anapotibiwa.

Ushahidi wa walio karibu

Limebaki neno moja ambalo latuhusu sote tulio na ndugu. Zamani mwombaji aliulizwa: «Cheti cha daktari wa wakati ule kiko wapi?» Naye hakuwa nacho, kwa kuwa hakumwendea daktari, au daktari hakujua. Maelezo ya mwaka 2017 yalifungua njia nyingine. Ushuhuda wa askari mwenyewe waweza kutosha. Zaidi ya hayo baraza hupokea maandiko ya jamaa, ya rafiki, ya askari wenzake, na ya padre au mchungaji. Mama aweza kuandika: «Mwanangu aliondoka akicheka, aliporudi alilala sakafuni, mgongo ukutani.» Mke aweza kuandika habari za usiku. Mwenzake wa kikosi aweza kusema ni siku gani bomu lilipasuka karibu nao.

Maandiko hayo yana faida yakiwa na mambo hasa: tarehe, mahali, lililoonekana kwa macho, hali ya kwanza na hali ya baadaye. Sifa tupu hazisaidii. Atakayeandika tu kwamba fulani ni mtu mwema hajampa mwamuzi kitu cha kupima. Bali atakayeeleza mabadiliko aliyoyaona, amemsaidia mwamuzi kuuona ugonjwa ambao jalada liliuficha.

Waswahili husema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wamarekani wamehitaji miaka mingi na mabishano mengi kuiandika hekima hiyo katika kanuni zao. Nasi, ambao vita imepita katika vijiji vyetu vingi, hatuhitaji kungoja kanuni ili tujifunze. Akirudi kijana aliyekuwa mpole, naye sasa amekuwa mkali, mlevi na mkimbia watu, tusianze kwa kumwuliza, «Umekosa nini?» Tuanze kwa kumwuliza, «Umepatwa na nini?» Tumpeleke kwa daktari mapema, na tuyaandike tunayoyaona pamoja na tarehe zake. Huenda siku moja maandiko yale yakasomwa mbele ya waamuzi, nao wakamjua mtu aliyekuwako kabla ya kosa.