Kubadilisha Kadi ya Michoro: Mambo ya Kuhakikisha Kabla ya Kulipa

Kadi ya michoro ndiyo inayochora picha zinazoonekana kwenye skrini ya kompyuta, na kwa kompyuta ya michezo mara nyingi ndiyo kifaa cha bei kubwa kuliko vyote. Inapoharibika, mwenye kompyuta hukimbilia dukani na swali moja: ipi yenye nguvu zaidi kwa fedha nilizonazo? Tunakushauri uanze na swali jingine: kompyuta yangu inaweza kubeba kadi ipi? Kadi nzuri katika kompyuta isiyoiweza ni hasara sawa na kadi mbovu, na muuzaji huweza kukataa kuipokea tena kwa kuwa yenyewe haina kasoro.

Je, ni kadi kweli iliyoharibika?

Skrini kuwa nyeusi si ushahidi wa kutosha. Kebo iliyolegea, vumbi lililoziba feni au pawasaplai iliyochoka huleta dalili zizo hizo. Badilisha kebo, safisha vumbi, kisha chomoa kadi na uirudishe imara mahali pake. Njia ya uhakika zaidi ni kuijaribu kadi hiyo katika kompyuta nyingine iliyo nzima. Ikifanya kazi huko, umeokoa fedha zako.

Vipimo vitatu

Cha kwanza ni umeme. Tundu la ubao mama linalopokea kadi hutoa wati 75 tu. Kadi inayohitaji zaidi huchukua umeme kutoka kwenye pawasaplai kwa waya wenye pini sita, unaotoa hadi wati 75, au pini nane, hadi wati 150. GeForce GTX 1650 imekadiriwa kutumia wati 75, ilhali RTX 3060 ya gigabaiti 12 hutumia wati 170, na mtengenezaji hushauri pawasaplai ya wati 550. Kompyuta za ofisini zilizotumika, ambazo vijana wengi huzigeuza kuwa za michezo, mara nyingi zina pawasaplai ndogo isiyo na waya huo. Soma kibandiko cha pawasaplai yako kabla ya kutoka nyumbani.

Cha pili ni nafasi. Pima kwa rula urefu, kimo na unene wa nafasi iliyo ndani ya kasha, kisha ulinganishe na vipimo vya kadi. Kasha jembamba hupokea kadi za kimo kifupi pekee.

Cha tatu ni uwiano. Prosesa ya zamani haiwezi kwenda sambamba na kadi ya kisasa yenye nguvu nyingi. Utakuwa umelipia uwezo usioutumia. Kwa skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, kadi yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 hutosha kwa michezo mingi. Angalia pia njia za mawasiliano. Radeon RX 6500 XT ya mwaka 2022 hutumia njia nne tu kati ya 16 za tundu la PCIe, hivyo kasi yake hupungua ikiwekwa kwenye ubao mama wa kizazi cha tatu cha PCIe. Huenda ubao wako ni wa kizazi hicho.

Kadi zilizotumika na kadi bandia

Mnamo Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum uliacha kutegemea kadi za michoro, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikaingia katika soko la mitumba. Si lazima ziwe mbovu, ila feni zake huenda zimechakaa, na bei inapaswa kulingana na hali hiyo.

Hatari kubwa zaidi ni kadi yenye jina lisilo lake. Kadi za GTX 550 Ti, za mwaka 2011, zimewahi kubadilishwa programu yake ya ndani ili zijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti, za mwaka 2016. Jina linaloonekana kwenye kompyuta huwa la uongo, na kibandiko vilevile. Tundu la VGA ni dalili ya kutiliwa shaka, kwa kuwa kadi halisi za 1050 Ti kwa kawaida hazina. Programu ya bure ya GPU-Z hutambua kadi nyingi za namna hii. Omba ifunguliwe mbele yako.

Kabla ya kutoa fedha

Omba kadi ijaribiwe dukani kwa mchezo halisi, kwa dakika kumi na tano angalau. Dai risiti ya EFD, na uhakikishe jina kamili la kadi limeandikwa. Neno "kadi" peke yake halitakusaidia. Masharti ya waranti nayo yawe kwa maandishi.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa. Kadi iliyobandikwa jina lisilo lake ni upotoshaji, hata kama ukutani pameandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Ukikutwa na hali hiyo, rudi kwanza kwa muuzaji. Asipokusikiliza, tuletee malalamiko pamoja na risiti na kadi yenyewe. Bila risiti, ni vigumu kuthibitisha uliuziwa nini na nani.