Kompyuta ya Michezo kwa Fedha Chache: Tuchague Vipuri Gani?

Huenda baadhi yenu mtastaajabu kumwona mwalimu wa chuo, ambaye kazi yake ni kuwafundisha watoto alifu na be, akishika kalamu kuandika khabari za kompyuta za kuchezea michezo. Mimi mwenyewe sikutazamia. Lakini nyumba yetu imepata khasara katika jambo hili, na khasara ikifichwa humpata jirani vilevile. Kwa hiyo nimeona yafaa nieleze yaliyotupata, kisha yale tuliyojifunza, ili mzazi aombwaye na mwanawe kompyuta kama hiyo ajue afanyeje.

Sisi wa Segera, katika wilaya ya Handeni, twaishi penye njia panda. Barabara itokayo Dar es Salaam kwa kupitia Chalinze hapa hukutana na ile iendayo Tanga upande mmoja, na Korogwe, Moshi na Arusha upande wa pili. Mabasi husimama, na akina mama huwauzia abiria machungwa. Dada yangu, ambaye ni mjane, ni mmoja katika hao. Mwanawe alipomaliza kidato cha nne alinijia baada ya sala ya Isha, akaniamkia, akasema, "Mjomba, naomba uniombee kwa mama. Nataka kompyuta ya gemu, lakini si kwa kucheza tu. Nataka nijifunze na kazi yake."

Nilimwombea. Dada yangu alikuwa na akiba ya misimu miwili ya machungwa, shilingi 650,000, naye akaniamini kwa kuwa mimi ni kaka yake mkubwa. Tukaonyeshwa katika simu picha ya kompyuta yenye ubavu wa kioo na taa za rangi tatu. Muuzaji alisema ndani yake mna prosesa ya i7, RAM ya GB 8, na kadi ya grafiki ya GB 4. Maneno haya tuliyasikia kama mtu asikiaye lugha ya kigeni, tukayaona makubwa. Fedha nikazituma mimi, kwa mkono wangu, bila ya kukiona kitu.

Kompyuta ilifika kwa basi, ikawaka. Kila mchezo mkubwa uliowekwa ulikwenda kwa kusitasita. Usiku wa kumi na moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, tukasikia mlio mdogo na kunusa harufu ya kuungua. Haikuwaka tena. Muuzaji hakupokea simu. Dada yangu hakunigombeza. Aliniuliza neno moja tu: "Kaka, machungwa yangu yamekwenda wapi?" Sikuwa na jibu.

Tuliichukua maiti ile mpaka Tanga mjini, mwendo wa kilometa zipatazo 75, kwa fundi tuliyesifiwa. Aliifungua, akatupa darasa kwa saa nzima, nami nikaandika katika daftari kama mwanafunzi. Haya yafuatayo ndiyo niliyoandika, pamoja na yale tuliyoyahakikisha baadaye.

JINA LA PROSESA

Prosesa ndiyo ifanyayo hesabu zote za kompyuta. Watu wengi husikia i3, i5 na i7 wakadhani kuwa i7 daima ni bora. Sivyo. Kinachopasa kutazamwa kwanza ni kizazi, nacho hujulikana kwa tarakimu zifuatazo. Prosesa ya Intel iitwayo i5 4590 ni ya kizazi cha nne. I5 8500 ni ya kizazi cha nane. I5 10400 ni ya kizazi cha kumi. Ile yetu ilikuwa i7 860, yenye tarakimu tatu tu, nayo ilitoka mwaka 2009. Leo i3 8100, iliyotoka mwaka 2017, yaishinda waziwazi, ijapokuwa jina lake ni dogo. Basi tuliuziwa jina.

Tena kizazi cha nane kina faida nyingine. Kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kanuni yake hutaka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, au zile za AMD za aina ya Ryzen 2000 na kuendelea. Anunuaye kitu cha zamani kuliko hapo hununua kitu ambacho mlango wake wa mbele umekwisha kufungwa.

KADI YA GRAFIKI

Hii ndiyo ichorayo picha katika kioo, na kwa kompyuta ya michezo ndiyo istahiliyo fungu kubwa la fedha. Hapa pana hila ya pili. Muuzaji husema GB 4, na mnunuzi hudhani GB ndiyo nguvu. GB ni ukubwa wa ghala la kadi, si nguvu za mbeba mizigo. Kadi yetu ilikuwa GT 730, ya mwaka 2014, ambayo kwa michezo mikubwa ni dhaifu hata ikipewa GB 4. Kadi ya GTX 1050 ya mwaka 2016, yenye GB 2 tu, huiacha mbali sana.

Kwa mwenye fedha chache, kadi mbili zafaa kutajwa: GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya mwaka 2019, kila moja yenye GB 4. Sifa yao ni kwamba hutumia wati zipatazo 75, ambazo huweza kupatikana katika tundu lenyewe la mazabodi, yaani ule ubao ambao vipuri vyote huchomekwa. Kwa hiyo aghlabu hazihitaji waya wa ziada, japo zipo zilizotengenezwa na tundu la waya, na hilo litazamwe kabla ya kununua. Kadi ya RX 580 ya mwaka 2017 ina nguvu zaidi, lakini hula wati zipatazo 185 na hutaka waya wake. Tena kadi nyingi za namna hiyo zilitumika mchana na usiku katika kuchimba sarafu za mtandaoni, mpaka sarafu ya Ethereum ilipoacha njia hiyo mwezi wa Septemba 2022, kisha kadi zikamwagwa sokoni. Si zote mbovu, lakini aichukuaye bila ya kuijaribu amejitia katika bahati nasibu.

Zipo na kadi za uwongo pia: kadi kuukuu zilizobadilishwa maandishi ya ndani ili zijitaje kuwa 1050 Ti. Programu iitwayo GPU-Z, ambayo haina malipo, tangu mwaka 2018 huweza kuzifichua nyingi katika hizo. Mpwa wangu huibeba katika flashi kila aendapo kununua.

PAWA SAPLAI NA UMEME WETU

Ndugu wasomaji, kama mtasahau yote mengine, msisahau hili. Pawa saplai ndiyo iupokeayo umeme wa ukutani wa volti 230 na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa volti 12, 5 na 3.3 uwafaao vipuri. Ikiwa mbovu, haifi peke yake. Huenda na wenziwe. Yetu ilikuwa imeandikwa wati 500, lakini fundi aliniwekea mkononi, ikawa nyepesi kama kopo tupu. Nyaya zake zilikuwa nyembamba, na ndani sehemu za kuzuia kishindo cha umeme hazikuwamo, matundu yao yakiwa matupu. Ilipokufa iliiua mazabodi na kadi ya grafiki. Taa za rangi zilikuwa zimenunuliwa kwa fedha ambazo zingenunua pawa saplai ya kweli.

Sisi twaishi karibu na Hale, ambako umeme wa maji ya mto Pangani umekuwa ukizalishwa tangu mwaka 1964, lakini ukaribu huo haumkingi mtu na umeme ukatikao na kurudi kwa nguvu. Kwa hiyo, katika bajeti yoyote ya hapa petu, stabilaiza au UPS ni kipuri kama vipuri vingine, si nyongeza ya matajiri. Mwenye fedha kidogo sana walau atafute kile kifaa cha kulindia jokofu, ambacho husubiri kidogo kabla ya kuurudisha umeme.

RAM NA DISKI

RAM ya GB 8 ni kiasi cha chini kwa michezo ya siku hizi, na GB 16 ndiyo raha. Vipande viwili vya GB 8 ni bora kuliko kimoja cha GB 16, kwa sababu viwili hufanya kazi kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Lakini aina ziangaliwe: RAM ya DDR3 haiingii katika tundu la DDR4. Sisi tulidhani tutaokoa RAM ya kompyuta iliyokufa, kumbe ilikuwa DDR3, ikabaki kuwa ukumbusho. Ijulikane pia kwamba tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei za RAM zilipanda ulimwenguni, kwa kuwa viwanda vilielekeza nguvu katika mitambo mikubwa ya akili bandia. Basi ni vyema kununua kompyuta ambayo tayari ina RAM ya kutosha ndani yake.

Diski iwe SSD. Haiongezi uzuri wa picha, lakini kompyuta huwaka upesi na michezo hufunguka bila ya kumchosha mtu.

TULIVYONUNUA MARA YA PILI

Niliuza ng'ombe wangu dume mmoja, kwa kuwa deni lile lilikuwa langu. Mpwa wangu alisema, "Mjomba, basi, tusinunue tena." Nikamwambia kuwa asiyerudia somo alilolikosea hajalisoma.

Fundi alitushauri tutafute kompyuta ya ofisini iliyotumika, zile ziletwazo kutoka ng'ambo makampuni yabadilishapo vifaa vyao. Dell OptiPlex 3060 na 7060 za mwaka 2018 ni za kizazi cha nane, na HP ProDesk 600 G4 kadhalika. Hazina taa wala kioo cha ubavuni, lakini zimejengwa zifanye kazi kutwa. Sharti lake ni moja: ichukuliwe yenye sanduku kubwa. Ile nyembamba hutaka kadi fupi maalumu, nayo ni adimu.

Tukasafiri wenyewe mpaka Kariakoo, Dar es Salaam, kilometa zipatazo 280. Tulipata kompyuta ya i5 ya kizazi cha nane yenye RAM ya GB 8 kwa shilingi 400,000, kadi ya GTX 1650 iliyotumika kwa 210,000, na stabilaiza kwa 45,000. Jumla 655,000. Hizi ni bei zetu za siku ile, wala sisemi kuwa ndizo za soko la leo. Kioo na diski ya SSD vilipona katika ule msiba, tukavitumia. Hesabu ya wati tuliifanya papo hapo: prosesa 65, kadi 75, na vinginevyo tukavipa 50, jumla 190, na pawa saplai ya sanduku lile ilikuwa ya wati 260. Ikatosha na kubakiza.

Kabla ya kulipa tulimwomba muuzaji aiwashe. Mpwa wangu alisoma jina la prosesa na kiasi cha RAM, akaitazama kadi kwa GPU-Z, kisha akauendesha mchezo wa mpira kwa nusu saa huku akiisikiliza feni. Muuzaji mmoja alikataa tusijaribu, tukamshukuru na kwenda zetu. Wa pili alikubali, na yeye mwenyewe akatuonyesha kwamba tundu moja la nyuma lilikuwa limekufa. Huyo ndiye tuliyempa fedha. Katika sheria zetu za biashara, mwenye kuuza hupaswa kuidhihirisha aibu ya kitu chake, na mnunuzi aliyefichwa ana khiyari ya kukirudisha. Lakini haki ya kurudisha yamfaa nini mtu aliyemtumia fedha asiyemjua, mahali asipopajua?

Nitaje na njia nyingine, kwa mwenye kupenda kuanza na vipuri vipya. AMD Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021 ina grafiki ndani ya prosesa yenyewe, kiasi cha kuendesha michezo myepesi bila ya kadi. Mtu aweza kuanza nayo na vipande viwili vya RAM, akaongeza kadi baadaye apatapo. Mtaka yote kwa siku moja aghlabu hupata nusu yake, tena mbovu.

Kompyuta yetu imekaa mezani kwa dada. Tumeagana saa za kucheza, na kwamba hapatakuwa na kamari ya namna yoyote ndani yake. Kila mwezi mpwa wangu huifungua na kuifuta vumbi kwa brashi laini, maana vumbi la Segera ni adui wa feni, na vijana wawili wa jirani wamekwisha kumletea zao awatazamie.

Usiku wa kwanza dada yangu alikaa mkekani akitazama mpira ukichezwa katika kioo. Kisha akaniomba daftari, akataka nimsomee kila kipuri na bei yake, moja baada ya moja, mpaka mwisho. Safari hii nilikuwa na jibu.