Mdogo wetu na testosteroni ya samaki

Wiki iliyopita mdogo wetu mmoja, yuko anaandika TFC yake, aliniambia: «Mkubwa, nitapima testosteroni mu damu ya samaki, nitajua dume ni wapi na jike ni wapi.» Nilimwambia asimame kwanza, asipoteze pesa ya labo.

Sababu ni hii: kwa samaki wengi jike naye yuko na testosteroni, mara ingine hata inapita ya dume, juu anaitumia kutengeneza estradioli.

Kwa dume, kazi inaanzia kwa hipofizi, katezi kadogo chini ya ubongo. Inatuma homoni mu damu mpaka kwenye korodani. Mule, katikati ya vijifuko vyenye kukomaza mbegu, kuko seli za Leydig. Zinachukua kolesteroli (ndiyo, ile ile daktari anatukatazaka!), zinaiingiza mu mitokondria, na enzimu moja inaikata mkia: inakuwa pregnenoloni. Enzimu zingine zinapokezana mpaka testosteroni. Wengi tunafikiri safari imeisha. Kwa samaki bado. Kaboni namba 11 inabadilishwa tena, na inatoka 11-ketotestosteroni. Hiyo njo homoni kubwa ya kiume ya samaki: inasukuma mbegu kukomaa, inaleta rangi na ukali, na yenyewe haigeuki estradioli.

Mfano tuko nao hapa kwetu: Astatotilapia burtoni wa ziwa Tanganyika. Dume mwenye kiwanja anang'aa njano ao bluu, na mstari mweusi unapita kwenye jicho. Wasio na kiwanja wanafifia, wanafanana na majike, korodani zao ni ndogo. Watafiti walimtoa mkubwa usiku, giza ingali. Asubuhi mdogo akachukua kiwanja: rangi ilitokea mu dakika chache tu, na kisha nusu saa testosteroni na 11-ketotestosteroni zilikuwa zimeshapanda mu damu. Korodani zenyewe zinaomba siku kadhaa ili zikue.

Kumbe ukichanganya madume mu beseni moja mbele ya kutoa damu, wanapigana, vyeo vinabadilika, na namba zako zinabadilika pamoja navyo.

Mdogo wetu amegeuza mpango: atapima homoni zote mbili, na ataandika kwanza kila dume alikuwa na kiwanja ao hapana. Sasa anahangaika kutafuta labo yenye kupima hiyo ya pili.