Kitafunwa Kitamu Chenye Hesabu: Sandwichi ya Ndizi Mbivu

Mwanafunzi, chukulia kwamba uko nyumbani Murongo, mpakani na Uganda, Wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera. Ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Mezani kuna mkate, na kando yake chane ya ndizi kisukari zilizoiva kiasi kwamba zisipoliwa leo, kesho zitakuwa za nzi. Dada yako ameambiwa na daktari apunguze uzito. Anatamani kitu kitamu, lakini ndizi anaziogopa. "Zina sukari mno," anasema, "afadhali nipake siagi na jamu kidogo kwenye mkate." Je, hofu yake ina msingi?

Swali kama hili halijibiwi kwa kuonja. Hujibiwa kwa kupima na kukokotoa.

Kumbuka kanuni uliyojifunza katika mada ya virutubisho. Gramu 1 ya wanga hutoa kilokalori 4. Gramu 1 ya protini nayo hutoa kilokalori 4. Gramu 1 ya mafuta hutoa kilokalori 9. Viwango hivi vinatokana na kazi ya mwanasayansi wa Marekani, Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19, na hadi leo ndivyo vinavyotumika. Maji na madini havitoi nishati yoyote. Hapo ndipo siri ya matunda ilipo: takriban robo tatu ya uzito wa ndizi mbivu ni maji, kwa hiyo gramu 100 za ndizi hutoa takriban kilokalori 90 tu. Gramu 100 za jamu hutoa kama 250, kwa sababu zaidi ya nusu ya jamu ni sukari. Gramu 100 za majarini (ile ya kopo ambayo wengi wetu huiita siagi) hutoa takriban 720.

Sasa tutengeneze sandwichi mbili. Sandwichi ni vipande viwili vya mkate vilivyobana kitu katikati; jina lilitokana na bwana mmoja wa Uingereza wa karne ya 18, John Montagu, aliyekuwa na cheo cha Earl of Sandwich. Tuchukulie kwamba slesi moja ya mkate ina gramu 30 na hutoa kilokalori 80.

Sandwichi ya dada: slesi mbili (160), vijiko viwili vya chai vya majarini, yaani gramu 10 (72), na vijiko viwili vya chakula vya jamu, yaani gramu 40 (100). Jumla ni kilokalori 332.

Sandwichi ya ndizi: slesi mbili (160), ndizi kisukari moja ndogo iliyomenywa, gramu 50 (45), na kijiko kimoja cha chai cha siagi ya karanga, gramu 5 (30). Jumla ni kilokalori 235.

Tofauti ni kilokalori 97. Dada alikimbia ndizi yenye kilokalori 45 akaangukia kopo na chupa vyenye 172. Tena hiyo "kidogo tu" yake ndiyo ya kuangaliwa. Kijiko cha jamu kikijazwa hadi kikawa na mlima, hesabu yote hubadilika, na mpakaji wa mkate mara nyingi hatazami kijiko. Ndizi ina faida hapa: haina mlima. Ukikata moja, umekata moja.

Huenda jina lenyewe limechangia hofu. Ndizi kisukari na ugonjwa wa kisukari vina jina moja, lakini ndizi haikuitwa hivyo kwa sababu ya ugonjwa. Imeitwa hivyo kwa utamu wake. Hata hivyo, usivuke mpaka ukadai kwamba mgonjwa wa kisukari anaweza kula ndizi mbivu bila hesabu. Yeye huhesabu wanga wote, wa mkate na wa tunda, na hufuata kiasi alichopangiwa kliniki.

Tofautisha pia sukari iliyomo ndani ya tunda zima na sukari huru. Sukari huru ni ile inayoongezwa kwenye chakula, pamoja na ile ya asali na ya juisi ya matunda. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari huru isifikie asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000, asilimia 10 ni kilokalori 200, na ukigawanya kwa 4 unapata gramu 50. Ndizi nzima haiingii katika hesabu hiyo. Asali inaingia. Hapa wengi huteleza kwa sababu asali ni ya asili na huko Kagera inapatikana, lakini mwanya huo haupo katika ushauri: kijiko cha chai cha asali, gramu 7, ni kilokalori 21, na ni sukari huru.

Unapotaka kubadilisha ladha, fikiria maji kwanza. Papai lina takriban kilokalori 43 kwa gramu 100 na nanasi kama 50. Vyote viwili hulowesha mkate, kwa hiyo weka tunda dakika za mwisho, au tumia slesi moja tu kama sahani na ule papo hapo. Slesi moja, gramu 80 za papai na matone ya limau ni kilokalori 114 hivi. Mdalasini kidogo juu ya ndizi huongeza harufu ya utamu bila kuongeza sukari. Wanaopenda mafuta mafuta wanaweza kuponda parachichi badala ya kupaka majarini. Gramu 100 zake ni kilokalori 160.

Na chapati? Upande wa pili wa Mto Kagera, Uganda, chapati iliyoviringishwa na mayai huitwa rolex, na inaliwa sana. Unaweza kuviringisha ndizi vilevile. Ila chapati hukaangwa, na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, takriban gramu 14, huongeza kilokalori 126. Mkate unabaki rahisi zaidi kuhesabu.

Jambo moja ni lako mwenyewe. Dada ameshauriwa na daktari, wewe hujashauriwa. Mwili wako ungali unakua, na kuacha kifungua kinywa ili upungue kabla ya mtihani ni kujinyima nishati ya kufikiri. Ukihisi uzito wako si wa kawaida, nenda ukapimwe katika kituo cha afya kabla ya kupunguza chochote.

Zoezi la kujipima

Mwanafunzi ametengeneza sandwichi kwa slesi mbili za mkate, gramu 30 za parachichi na gramu 60 za ndizi kisukari. Tumia viwango vilivyotolewa hapo juu.
(a) Kokotoa nishati yake kwa kilokalori.
(b) Geuza jibu kuwa kilojuli (kilokalori 1 = kilojuli 4.2).
(c) Angetumia gramu 10 za majarini badala ya parachichi, nishati ingekuwa kiasi gani? Eleza.

Majibu
(a) Mkate 160 + parachichi 48 + ndizi 54 = kilokalori 262.
(b) 262 × 4.2 = kilojuli 1,100.4. Angalia kipimo kabla ya kuandika. Lebo nyingi huonyesha vyote viwili, na aliyesoma kilojuli akidhani ni kilokalori atashtuka bure.
(c) 160 + 72 + 54 = kilokalori 286, yaani zaidi kwa 24, ingawa uzito wa majarini ni theluthi moja tu ya uzito wa parachichi. Sehemu kubwa ya parachichi ni maji. Sehemu kubwa ya majarini ni mafuta.