Batobato: Mbegu Imara Kwanza, Dawa za Majani Baadaye

Mkulima wa Gasenyi, kaskazini mwa Bujumbura, akiona majani ya mihogo yake yamejikunja na kuwa na mabaka ya manjano, hahitaji kuambiwa kwamba chakula cha jamaa yake kimo hatarini. Muhogo ndio ugali, na ndio akiba ya miezi ile ambayo maharagwe yamekwisha ghalani. Adui huyo aitwa batobato.

Batobato kali, iliyoangamiza mihogo nchini Uganda tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ilienea nchi kwa nchi hata ikathibitishwa Burundi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Baadaye uliongezeka ugonjwa wa michirizi kahawia, nao ni mdanganyifu zaidi, kwani mizizi yaweza kuoza ardhini ilhali majani yaonekana mazima.

Virusi vya magonjwa haya hupita njia mbili. Kwanza huchukuliwa na nzi weupe, wadudu wadogo wakaao chini ya majani. Pili huchukuliwa na mkulima mwenyewe, akatapo pingili katika shina gonjwa na kuzipanda au kumpa jirani. Mara nyingi ukarimu huo ndio ulioambukiza kilima kizima.

Je, dawa za majani zafaa? Zafaa, lakini zina mpaka wake. Majani ya utupa yakipondwa, yakalowekwa usiku kucha, kisha yakachujwa na kutiwa sabuni kidogo, huua vidukari wanaoeneza batobato ya maharagwe. Mwarobaini nao huwazuia wadudu wengi wasile wala wasikue. Hata hivyo, hakuna majani yawezayo kuviondoa virusi vilivyokwisha kuingia ndani ya mmea. Anyunyizaye dawa juu ya muhogo mgonjwa apoteza jasho lake bure.

Tena utupa ni sumu ya samaki, na wavuvi wa zamani waliitumia kwa kazi hiyo. Kwa hiyo ni mwiko kuosha vyombo vya dawa hiyo katika mito iteremkayo Ziwa Tanganyika, maana tutaponya maharagwe na kuwanyima wengine kitoweo.

Kinga iliyo kubwa ni mbegu yenye ukinzani. Katika miaka ya 1930, huko Amani katika milima ya Usambara, Tanganyika, mtaalamu H. H. Storey na wenzake walianza kuuchanganya muhogo na jamaa yake wa mwituni, mti wa mpira wa Ceara, ili wapate mihogo istahimiliyo magonjwa. Uzao wa kazi hiyo ulifika Nigeria, na katika miaka ya 1970 ukatumiwa mjini Ibadan kuzalisha aina nyingine. Aina za ukoo huo ndizo zilizowasaidia wakulima wa Uganda kurudi mashambani.

Lakini aina istahimiliyo batobato si lazima istahimili michirizi kahawia. Kwa sababu hiyo yafaa kuuliza kwa wataalamu wa kilimo, na hapa nchini taasisi ya utafiti ni ISABU, iliyoanzishwa mwaka 1962, kabla ya kupanda mbegu ngeni.

Wazee wetu nao walikuwa na elimu yao. Desturi ya Burundi ya kupanda maharagwe ya rangi nyingi katika shamba moja si ovyo. Ugonjwa ukiishika aina moja, jirani yake huweza kuuzuia usienee upesi.

Ndugu mkulima, kabla ya mvua za Septemba, pita shambani ungali na muda. Ng'oa miche michanga yenye mabaka na uiteketeze. Chagua pingili katika mashina mazima tu, na wakati wa kuvuna pasua mizizi uikague ndani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa njaa ni mgumu kuubomoa.