Kipimo Kilichomo Ndani ya Goti

Katika bonde la Kilombero, neno kupandikiza ni la shambani kabla ya kuwa la hospitali. Ni kuung'oa mche wa mpunga kitaluni na kuusimika topeni, mgongo umeinama na magoti yamezama majini. Mkulima aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka 40 huweza kufikia siku ambayo goti lake lenyewe linahitaji kupandikizwa: gegedu imelika, mifupa inasagana, na safari ya kutoka kitandani hadi mlangoni imekuwa ndefu.

Upasuaji wa kubadilisha goti hufanyika katika vituo vichache nchini, ikiwamo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, takriban kilomita 400 kutoka Ifakara. Mgonjwa hurejea nyumbani na kipande cha metali ambacho uhai wake umo katika vipimo.

Sehemu inayofunika ncha ya mfupa wa paja mara nyingi husubiwa kwa aloi ya kobalti, kromiamu na molibdenamu, kwa njia kongwe ya nta. Mfano wa nta huchovywa mara nyingi katika uji wa kauri na kunyunyiziwa mchanga hadi upate gamba gumu. Nta huyeyushwa ikatoka, gamba likachomwa, kisha aloi yenye joto linalozidi nyuzi 1,350 za Selsiasi ikamiminwa katika uwazi uliobaki.

Ugumu umo katika kusinyaa. Nta hupungua inapopoa, na aloi hupungua kwa takriban asilimia 2 inapoganda na kupoa. Kwa kipande chenye upana wa milimita 60, upungufu huo unazidi milimita 1. Kwa hiyo mfano wa nta hufanywa mkubwa kuliko goti linalokusudiwa. Hata hivyo vipande viwili havilingani kabisa, na mchoro hutaja tofauti inayoruhusiwa. Katika kusubu kwa nta, tofauti ya kawaida ni takriban milimita 0.13 kwa kila milimita 25, yaani kama milimita 0.3 kwa kipande hicho.

Katika bawaba ya mlango, hiyo si kitu. Katika uso wa goti unaoteleza juu ya plastiki, ni kubwa mno: uzito ungelemea mahali padogo na plastiki ingelika haraka. Chembe zake huamsha kinga ya mwili, na mfupa unaokishika kipandikizi huliwa taratibu hadi kilegee. Ndiyo maana uso huo husagwa na kung'arishwa baada ya kusubiwa, hadi mikwaruzo yake iwe midogo kuliko elfu moja ya milimita. Upande wa ndani, ambako saruji ya mifupa huziba pengo, unaweza kuvumilia zaidi.

Kutokana na hayo, plastiki ya mtengenezaji mmoja haikukusudiwa kukutana na metali ya mwingine, hata kama kwa macho zinaonekana kulingana. Kila kipandikizi huja na lebo inayotaja mtengenezaji, ukubwa na namba ya toleo. Lebo hiyo ibandikwe kwenye jalada, na mgonjwa apewe nakala ya kutunza ndani ya mfuko usiopenya maji pamoja na kadi yake ya kliniki. Miaka ikipita na plastiki ikahitaji kubadilishwa, daktari asiyejua aina ya kipandikizi huenda akalazimika kung'oa hata metali iliyo nzima.

Mhudumu wa zahanati asiyaite maumivu mapya ya goti hilo uzee. Likivimba, likipata joto au kutoa usaha, awasiliane mara moja na hospitali ya rufaa. Asilichome sindano, wala asianze antibiotiki kabla ya ushauri, kwa kuwa dawa huweza kuwaficha vijidudu visionekane katika kipimo. Isipokuwa mgonjwa amezidiwa na maisha yake yamo hatarini.

Naye mkulima aelezwe mapema, kabla ya kusaini ridhaa: goti jipya litamfikisha sokoni na msibani bila maumivu aliyoyazoea, lakini halikuundwa kwa kupiga magoti topeni kutwa nzima. Miche ipandikizwe na vijana wake.